Mulineti gani kwa mito yetu ya Mubi?

Katika sanduku letu la kusaidiana hapa Mubi kulibaki pesa kidogo kisha kulipa matibabu ya wandugu wawili walioangukiwa na udongo. Wamoja walisema tununue mchele, tugawe. Wengine walisema hapana, mchele unakwisha siku tatu, tununue vitu vya kuloba samaki. Wa samaki walishinda kwa kura. Lakini kelele yenyewe ilianza kisha kura, sababu kila kamarade alikuwa na mulineti yake kichwani. Mmoja alitaka ile ndogo ya kufunikwa aliyoona Goma. Mwingine alitaka ile nzito ya chuma, ya samaki wakubwa. Na wamama wawili wa kamati waliuliza kama kuko lazima ya kununua mashini, wakati mabwana zao wanarudisha kambale kila juma na kamba iliyokunjwa kwenye kopo la maziwa.

Tulibishana juma mbili. Tunaandika hapa yale tuliyoyapata, maana tunajua wengi wenu, Njingala, Biruwe mpaka Walikale-centre, muko karibu kutoa dola zenu juu ya kitu hicho hicho.

Kwa wale ambao hawajaishika bado: mulineti ni ile mashini ndogo yenye manivela, inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Kazi yake ni tatu tu. Inatunza kamba, inaiachilia wakati wa kutupa ndoano, na inairudisha na samaki wake. Mulineti zote zinafanya kazi hizo tatu. Tofauti iko katika namna, na bei inafuata namna.

Musituulize sendika inaingia vipi mu mambo ya samaki. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alifunga uchimbaji wa madini katika Kivu zote mbili na Maniema, na kazi ilifunguliwa tena Machi 2011. Miezi 6. Machi 2025, vita ilipofika Walikale-centre, hata mgodi mkubwa wa Bisie, wenye mashini na wahandisi wake, ulisimamisha kazi, ukaanza tena pole pole Aprili. Mtu wa mshahara anaweza kungojea. Mchimbaji wa mikono, siku asiposhuka shimoni ni siku sufuria haipandi jikoni. Hapo ndipo watu wanakumbuka mto. Na hata kazi ikiendelea, makayabu, samaki ya frigo na sambaza ya Ziwa Kivu vinafika huku kwa ndege ao kwa barabara namba 3, na lori likikwama kwenye matope, bei inapanda bila kumngojea mtu. Samaki wa Oso na wa Lowa haongojei lori.

Tuanze na kopo, maana vijana wanalidharau. Unafunga kamba ya nailoni kwenye kopo tupu, unaikunja vizuri, unafunga risasi na ndoano kwenye ncha. Ukitaka kutupa, unashika kopo kwa mkono moja, mdomo wake ukielekea maji, na mkono mwingine unazungusha risasi na kuiachilia. Angalia vizuri kinachotokea: kopo halizunguki. Kamba ndiyo inateleza juu ya ukingo wake, mzunguko kwa mzunguko, na kukimbia. Ndiyo maana risasi ndogo tu inafika mbali.

Sasa, mwaka 1905, huko Bradford, Uingereza, mji wa viwanda vya nyuzi za sufu, mtu mmoja aitwaye Alfred Holden Illingworth aliandikisha mulineti ambayo bobini yake inasimama imara wakati kamba inatoka. Wanasema wazo alilipata kwa kuangalia bobini za kiwandani, namna uzi unavyotoka kwa ncha bila bobini kuzunguka. Mulineti nyingi zinazouzwa leo Goma, Bukavu na Kisangani ni wajukuu wa ile ya Illingworth. Kwa hiyo yule mzee unayemwona pale mtoni na kopo la maziwa, musimucheke. Yeye na Illingworth wanatumia akili moja.

Kopo linakosa vitu viwili. Cha kwanza ni mwendo: kuvuta kamba kwa mkono ni pole pole, na samaki akikimbilia kwako kamba inalegea, ndoano inatoka. Cha pili ndicho kikubwa, ni freni. Kambale wa kilo 5 akigeuka na kurudi chini, kamba inapita mu vidole vyako kama msumeno. Mikono yetu iliyozoea baramina haisikii mapema. Unaona damu mbele ya kusikia maumivu. Tena kuko wale wanaozungusha kamba kwenye kiganja ili washike nguvu. Hiyo tunaikataza kabisa kwa memba wetu. Kidole kikikatwa huku, kutoka hapa mpaka kwa daktari wa kushona mishipa ni safari ya kuuza kila kitu.

Kwa samaki wa sahani, wale wa kilo moja kushuka, kopo linatosha, na hatuoni sababu ya kumtolea mtu dola mfukoni.

Twende kwa ile ya chuma, nzito, iliyokuwa na mashabiki wengi katika mkutano wetu. Hii bobini yake imelala kama pipa, na inazunguka yenyewe wakati wa kutupa na wakati wa kuvuta. Mchimbaji hahitaji maelezo marefu: ni sawa na lile gogo la kuzungusha tunalopandishia mifuko toka shimoni. Na kasoro yake ni ile ile. Ukiachilia gogo bila kulishika, linazunguka kwa kasi kuliko kamba inavyoshuka, na ghafla kamba imejifunga yenyewe, fundo juu ya fundo. Mu mulineti hii, kidole gumba ndicho freni ya kutupa. Kisichozoea, kamba inakuwa kiota cha ndege, na usiku mzima unakwisha ukifungua mafundo na tochi mdomoni.

Watengenezaji wa kwanza wa Marekani walikuwa mafundi wa saa wa Kentucky, mwanzoni mwa karne ya 19. Anayetajwa mbele ya wote ni George Snyder. Waliweka meno ndani ili manivela ikizunguka mara moja, bobini izunguke mara nyingi. Ni kazi ya akili sana. Ni mashini nzuri kwa mtu aliye ndani ya mtumbwi ao boti, anayeshusha chambo kizito chini wima ao kukiburuta nyuma. Baharini kati ya Kenya na kisiwa cha Pemba, kule wanakovua samaki wakubwa kuliko mtu, ndiyo wanatumia. Kwa sangara wa Ziwa Victoria pia inafaa.

Na vijana wetu wanasema: na mbenga je? Haki yao kuuliza. Mbenga, ambaye wataalamu walimpa jina la Hydrocynus goliath mwaka 1898, yuko katika mto Kongo na Lualaba, anapita metre moja kwa urefu, na meno yake yanakata nailoni kama wembe wa kinyozi. Bila kipande cha waya mbele ya ndoano usijisumbue. Wameona kwenye simu wageni wakimwinua kwa mikono mbili. Lakini wale wageni wako na boti, na siku nyingi, na mtu wa kuwapikia. Sisi tunavua pembeni ya mto, chini ya matawi, tukisimama juu ya jiwe lenye utelezi, kisha siku ya kazi. Mwenye kushuka na mtumbwi mpaka kule Lowa inapoingia Lualaba, anunue ya chuma. Kwa Mubi tuliikataa, kura 19 kwa 7, na wale 7 wananuna mpaka leo.

Ya kufunikwa iko na hadithi ambayo wachimbaji wataipenda. Huko Tulsa, jimbo la Oklahoma, Marekani, kulikuwa kampuni iliyotengeneza mabomu yenye saa, ya kulipulia ndani ya visima vya petroli ili mafuta yatoke. Jina lake lilikuwa la kuogopesha: Zero Hour Bomb Company. Kisha vita kuu ya pili biashara ile ikaanza kufika mwisho. Ndipo akaja fundi wa saa, R. D. Hull, na wazo alilolipata kwa kumwangalia muuza duka akivuta uzi wa kufungia vifurushi toka kwenye bobini iliyosimama. Mwaka 1949 kampuni ya mabomu ikatoa mulineti yenye kofia mbele na kitufe nyuma. Jina likafupishwa likawa Zebco, na bado liko. Kwa hiyo watu wa baruti waliwahi kugeuka watu wa samaki, kazi ya chini ya ardhi ilipoishiwa.

Kutumia ni rahisi: unafinya kitufe, unatupa, unaachilia. Mtoto wa miaka 8 anajua kisha dakika kumi. Lakini ile kofia inaficha kila kitu. Matope na mchanga vinaingia kwenye tundu la mbele pamoja na kamba yenye maji, vinabaki ndani, na wewe huoni. Kamba inayoingia ni kidogo, na meno ya zile za bei ya chini ni ya plastiki. Kwa bwawa la samaki la nyumbani, sawa. Kwa Oso mwezi wa mvua, hapana.

Inabaki ile ya kawaida, ya wazi, bobini mbele, na waya unaofunguka na kufungwa: mjukuu wa Illingworth, ndugu ya kopo. Ndiyo tuliyochagua. Lakini kusema «ya kawaida» haitoshi, sababu kuko ya kawaida inayodumu miaka na kuko ya kawaida inayokufa mbele ya Noeli.

Kwenye sanduku utaona namba: 1000, 2500, 4000, 6000. Ni ukubwa, si nguvu, na viwanda havilingani sawasawa. Kwa kambale wa huku tulichukua 4000. Ndogo kuliko ile inaumia. Kubwa kuliko ile inachosha mkono. Halafu wanaandika kwa herufi kubwa hesabu ya rulema, yaani zile duara za chuma zenye gololi ndani: 10, 12, hata 13. Muuzaji atazionyesha sana. Musikubali kulipia hizo. Rulema nne nzuri zinashinda kumi na tatu za bati, na kila rulema ni nyumba mpya ya mchanga. Tena kuko namba kama 5,2:1. Maana yake ni kwamba manivela ikizunguka mara moja, ule mkono wa waya unazunguka mara 5 na kidogo. Kubwa zaidi inavuta haraka lakini kwa kukaza mkono. Kwa kambale, 5 inatosha.

Mbele ya kulipa, fanya hivi, na muuzaji akikataa, toka. Zungusha manivela pole pole karibu na sikio: ukisikia mlio wa kusaga, kuko uchafu ao meno mabaya. Jaribu kurudisha manivela nyuma: isicheze. Fungua na kufunga ule waya mara ishirini. Kisha angalia kile kigurudumu kidogo kabisa mwisho wa waya, pale kamba inapopinda. Kisukume na ukucha. Lazima kizunguke. Kama kimeganda, kamba itakichimba mfereji, na ule mfereji utakata kamba siku samaki mkubwa ameshika. Watu wanasema «kamba ilikuwa mbaya», kumbe ni kile kigurudumu.

La mwisho, uliza kama inafunguka. Tulienda na fundi wetu wa redio, na bisibisi yake moja. Mulineti ambazo hakuweza kufungua na kufunga tena pale mezani tuliziacha, hata zilizokuwa na rangi ya kupendeza. Kila mwenye motopompe anaelewa: mashini ambayo haifunguki Mubi, ikiharibika ni chuma cha kuuza kwa kilo.

Freni. Hapa ndipo tuko na bahati kuliko wavuvi wa mahali pengine, maana Mubi kila mtu yuko karibu na mizani. Freni ya mulineti hii ni kile kifuniko cha kukaza mbele ya bobini. Ukikaza sana, kamba inakatika. Ukilegeza sana, samaki anaingia kwenye mizizi na kukaa. Kipimo ni theluthi moja ya nguvu ya kamba. Kamba ikiandikwa kilo 9, freni iteleze kwenye kilo 3. Funga ncha ya kamba kwenye ndoano ya mizani ya kuning'iniza, ile ya negosianti, vuta mulineti pole pole, na mwenzako asome. Ikifika 3 bila kuteleza, legeza kidogo. Ni dakika tano. Kwa mara moja mizani ya negosianti inafanya kazi kwa faida yetu, na hakuna anayeiwekea kidole. Ukitoka mtoni, legeza freni kabisa, sababu ndani kuko visahani laini vinavyobonyea na kubaki hivyo.

Na musizungushe manivela wakati freni inateleza. Hapo haurudishi kitu; unaisokota kamba tu, na kesho itajikunja yenyewe kama nywele. Ngoja samaki apumzike, inua fimbo, shusha huku ukikunja. Inua, shusha, kunja.

Pesa iliyobaki iende kwenye kamba. Tulikuta watu walionunua mulineti ya bei na kuijaza nailoni ya kushonea mifuko. Kamba ya nailoni ya milimeta 0,40 ndiyo tulichukua, roli kubwa, tukagawana. Ile ya kusuka ni nyembamba na ina nguvu sana, kweli, lakini inakwaruzika kwenye mawe yetu, inakata vidole, na bei yake inapita. Jaza bobini mpaka ibaki milimeta 2 hivi chini ya ukingo. Ikijaa nusu, kamba inagonga ukingo kila mzunguko na haifiki mbali. Ni sheria ile ile ya kopo.

Kuko jambo moja ambalo hakuna duka litakuambia. Rangi ya maji. Chini ya pale tunapoosha kasiterite, mto ni rangi ya chai ya maziwa. Samaki anayewinda kwa macho ameondoka, kwa hiyo vile vijiko vinavyong'aa wanavyouza pamoja na mulineti ni pesa ya bure. Anayebaki ni kambale, ambaye anatafuta kwa ndevu zake na kwa harufu, na usiku zaidi kuliko mchana. Minyoo ya udongo, matumbo ya kuku, risasi ya kukaa chini, kutupa si mbali, kungojea. Kazi hiyo haihitaji mulineti ya fahari, inahitaji freni nzuri. Anayetaka kutumia vijiko apande juu, kwenye vijito ambavyo lutra haijafika bado.

Na vijito hivyo vinapungua. Hilo tulilisema katika mkutano, ingawa haikuwa katika orodha. Tunaomba ma-PDG wa mashimo wachimbe mabwawa mawili matatu chini ya kila lutra, maji ya udongo yatulie mbele ya kurudi mtoni. Ni kazi ya siku chache kwa majembe tuliyo nayo. Wamoja wamekubali. Wengine wanasema samaki si kazi yao, na jioni wanatuma mtoto kununua kambale. Tena wamama walituambia bila kuficha kwamba kuko familia zinazovua na vyandarua vya malaria, vinavyobeba mpaka watoto wa samaki wenye urefu wa kucha. Hatukumlaumu mtu kwa njaa. Lakini tuliandika kwamba nyumba itakayoleta chandarua cha kuvulia itapewa kamba na ndoano tano, na mpaka leo zimekuja nyumba sita.

Tulinunua mulineti nne, zote za aina moja na namba moja. Hapo kuko sababu: ya kwanza ikifa, inatoa meno na waya kwa zile tatu, sawa na tunavyofanya na motopompe. Fimbo tulikata wenyewe, mianzi, na pete za waya. Kamba iliyobaki ilitosha makopo 12. Kila mulineti inalala nyumba moja juma moja, kisha inapita kwa nyingine, na anayeirudisha anaipangusa na kitambaa chenye maji ya mvua. Haioshwi mtoni hata siku moja, maana maji yetu yana mchanga laini kuliko unga. Tone moja la mafuta kwenye kile kigurudumu cha waya, moja kwenye manivela. Samaki mmoja kati ya watano anaenda kwa nyumba zile mbili za wandugu walioumia, mpaka washuke kazini tena.

Tatu ziko kwa wanaume wa timu za zamu. Ya nne wamama wa kamati waliichukua siku ile ile, wakisema watailinganisha na kopo wao wenyewe, mwezi mzima, kwa kilo. Wameomba mizani.